Ngoma Yetu ni Moja au ni Kumi?

Wiki tatu zilizopita tulihudhuria mkutano wa hadhara katika wilaya moja ya bara. Matawi saba yalifika, kila tawi na bendera yake, na kwa mbali uwanja ulipendeza. Tulipokaribia ndipo tulipoyaona mambo. Tawi la kwanza lilikuja na manjano ya ndimu. La pili lilikuja na manjano ya embe bivu. La tatu lilipeperusha kitambaa ambacho mtu wa haki angekiita rangi ya chungwa, na alipoulizwa katibu wake alisema dukani hapakuwa na kingine. Na ngoma yetu nyeusi, ile alama ya chama, ilikuwa nyembamba kiunoni kwa hawa, nene kama pipa kwa wale, na katika bendera moja ilikuwa na macho na mdomo unaocheka.

Bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa ametembea tangu alfajiri. Tulimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akatuuliza: "Mwanangu, leo vyama mbona vingi? Kile cha kwetu kiko wapi?"

Vijana waliokuwa karibu walicheka. Sisi hatukucheka, maana bibi huyo hajui kusoma, na siku ya kura hakuna atakayemsomea karatasi. Atakachokuwa nacho ni macho yake na ile picha aliyoiweka moyoni. Tukimpa picha saba, tutakuwa tumemnyima ile moja.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo la bendera tu. Basi na asikie la pili. Mwaka huu huu mtu mmoja alipita katika vijiji akiuza kadi za chama. Alipokea ada, akapiga mhuri, akaondoka. Kadi zake zilikuwa za uongo. Tulipokwenda kuwauliza wale waliotoa fedha zao kwa nini hawakushuku, mzee mmoja alitutolea kadi mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, akaziweka juu ya jamvi, akasema, "Haya, nyinyi wenye elimu, nionyesheni." Tulizitazama kwa muda. Mhuri wa kadi ya kweli ulikuwa umechongwa na fundi wa mjini jinsi alivyopenda, na ngoma yake ilikuwa imepinda. Mhuri wa yule mwizi ulikuwa mzuri kuliko wa kwetu. Twakiri kuwa tuliona haya.

Mwizi yule hakuwa na akili nyingi. Mlango tuliuacha wazi wenyewe. Mahali ambapo kila tawi lina mhuri wa namna yake, mhuri wa mwongo ni mmoja tu katika mihuri mingi.

Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya alama: jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini kuitunza ni kazi ya chama kama ilivyo kuhesabu ada. Wapo wazee wetu watakaosema haya ni mambo ya wauza sabuni. Twawaheshimu. Lakini wauza sabuni wamejua siku nyingi jambo ambalo sisi tunalisahau: mtu hununua kile anachokitambua.

Tazameni mambo ya India. Nchi hiyo ilipofanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza, mwaka 1951 na 1952, wapiga kura walikuwa zaidi ya milioni 170, na wengi wao hawakujua kusoma. Kila chama kikapewa alama, na alama hiyo ikabandikwa juu ya sanduku lake la kura. Chama cha Congress kilikuwa na ng'ombe wawili wa kulima waliofungwa nira. Mkulima hakuhitaji kufundishwa ng'ombe. Aliwajua kabla ya kuijua Congress, na Congress ikaingia nyumbani kwake nyuma ya ng'ombe hao. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya alama: iwe kitu ambacho watu wanacho tayari vichwani mwao. Ngoma yetu inatosha kwa hilo. Makabila mengi yana ngoma.

Kanuni ya pili ni ya rangi, na kwa hiyo hatuna haja ya kwenda mbali. Bendera ya TANU, chama kilichozaliwa mwaka 1954, ilikuwa na mistari mitatu: kijani, nyeusi, kijani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 rangi hizo zikaingia katika bendera ya taifa, lakini kati ya kijani na nyeusi ukawekwa mstari mwembamba wa manjano. Tulifundishwa shuleni kuwa manjano ile ni madini ya nchi, na ndivyo ilivyo. Lakini jaribuni jambo moja. Chukueni kitambaa cha kijani kilichoiva, mkishone na cheusi, mkitundike jioni, mwende hatua mia. Rangi mbili zile zitameza­na, mtaona giza moja. Ongezeni utepe wa manjano katikati, kila rangi itasimama mahali pake. Muungano ulipokuja mwaka 1964, buluu ikaja pamoja na Zanzibar, na ule mstari mweusi ukakatiza kutoka pembe hadi pembe. Lakini kingo zake zilibaki za manjano. Aliyeshona bendera ile alijua kazi. Rangi ya giza haikai vizuri juu ya rangi ya giza, wala rangi nyepesi juu ya nyepesi. Huhitaji chuo kulijua hilo, mwulize mwalimu yeyote aliyewahi kuandika kwa chaki ya manjano juu ya ukuta mweupe.

Nyeusi juu ya manjano, kama yetu, yaonekana mbali sana. Tulipewa mali na waliotutangulia. Lakini manjano ina adui wawili, jua na bei. Jua huifanya nyeupe katika miezi michache, na bei humfanya mweka hazina anunue kitambaa chochote kilicho karibu na manjano. Yule wa rangi ya chungwa twamsamehe, ila ajue kuwa alipita mbele ya watu na rangi ambayo si ya chama chake.

Rangi peke yake nayo haitoshi. Jirani zetu Kenya walipopiga kura ya katiba tarehe 4 Agosti 2010, waliokubali walikuwa kijani na waliokataa walikuwa nyekundu. Wapo wanaume, wala si wachache, waliozaliwa na macho yasiyoweza kutenganisha nyekundu na kijani. Kwa watu hao rangi mbili hizo ni kama moja. Ndiyo maana yafaa alama iwe na umbo pia, umbo ambalo ungelijua hata kama dunia nzima ingekuwa nyeusi na nyeupe. Mhuri wa wino hauna manjano. Karatasi iliyotolewa nakala haina manjano. Ngoma isiyojulikana bila rangi haijachorwa vizuri.

Na umbo likiwa jepesi ndilo linalosafiri. Mwaka 1958 huko Uingereza, Mwingereza mmoja aliyeitwa Gerald Holtom alichora alama kwa ajili ya watu waliopinga mabomu ya nyuklia: duara, na ndani yake mstari mmoja wa kusimama na miwili inayoshuka pembeni. Alizitoa katika ishara za bendera wanazopeana mabaharia, herufi N na herufi D. Leo wengi hawajui habari za mabaharia wala za herufi hizo, lakini ukichora duara lile ukutani Nairobi, Tokyo au Chicago, watu watasema, "amani". Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulichora kwa mkaa.

Sisi tuliosomea ualimu tuna mtihani wetu kwa jambo hili. Mwonyeshe mtoto alama kwa muda wa kuhesabu kumi. Ifiche. Mpe mkaa, mwambie aichore ukutani. Anachokikumbuka ndicho alama yenyewe, anachokisahau ni mapambo. Tuliifanya kazi hiyo na ngoma yenye kiuno chembamba na watoto sita. Wote sita walichora ngoma. Tukaifanya na ngoma yenye macho na mdomo. Watatu walichora mtu, mmoja alichora chungu, na mmoja alituuliza kama ni paka.

Sasa tuseme juu ya kushika alama moja kwa muda mrefu, maana hapa ndipo ugonjwa wetu ulipo.

Mama zetu wa pwani wanaujua mwujiza huu kuliko sisi wenye vyeo. Katika kanga kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Mambo ya ndani hubadilika kila toleo, maua, korosho, kuku, picha za viongozi, maneno ya mapenzi na maneno ya kusutana. Lakini mpango wenyewe haubadiliki, ndiyo maana kanga hujulikana kuwa kanga hata ikiwa imekunjwa begani mwa mtu anayekimbia. Na katika kanga hizo ipo chapa ya Mombasa, ya duka la Kaderdina Hajee Essak, yenye herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Biashara hiyo ilianza karne ya kumi na tisa. Watu wamenunua, wamezaliwa, wamezikwa, na chapa ipo pale pale. Mwanamke sokoni hugeuza upande wa kitambaa, huitafuta, huiona, hutoa fedha. Hakuna aliyemhutubia.

Hapo ndugu zetu vijana wanapaswa kusikiliza. Kijana mwenye kompyuta akiona ngoma ile ile kwa miaka miwili, huchoka. Huipa kivuli, huipa mng'aro, huipa miale ya jua nyuma. Hudhani kwa kuwa yeye amechoka kuiona basi na wananchi wamechoka. Ndugu yangu, wananchi ndiyo kwanza wanaanza kuiona! Wewe waiona kila siku. Yule bibi ameiona mara nne maishani mwake, na zote nne ulimwonyesha nyingine.

Hatusemi kubadili ni dhambi. Ile Congress ya India iligawanyika mwaka 1969, ng'ombe wale wawili wakagombaniwa, na Indira Gandhi akaingia katika uchaguzi wa 1971 na ng'ombe mwenye ndama. Chama kilipogawanyika tena mwaka 1978, kundi lake likachukua kiganja cha mkono, na kiganja hicho ndicho kilichokaa. Walibadili kwa sababu nyumba ilivunjika. Hawakubadili kwa sababu duka halikuwa na kitambaa.

Alama nayo ikishaingia kwa watu haimtii tena aliyeitoa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 hapa kwetu, wagombea wawili wa kila jimbo walikuwa wa TANU, nao wakapewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma apate kuchagua. Makusudi yalikuwa alama zisiwe na upande. Lakini wapi! Mwenye jembe aliwauliza wakulima watakula nini bila jembe. Mwenye nyumba aliwauliza jembe hulala wapi usiku. Mwaka 2005 Kenya wakapewa ndizi kwa waliokubali katiba mpya na chungwa kwa waliokataa. Tume ya uchaguzi ilitafuta matunda mawili tu, ya kawaida, yasiyo na neno. Tarehe 21 Novemba chungwa likashinda, na kutoka katika tunda hilo la kupewa likazaliwa jina la chama kizima, Orange Democratic Movement. Watu hawawezi kutazama picha wakaacha kuipa maana. Tukiiacha ngoma yetu bila mtunzaji, watu wataipa maana wenyewe, na pengine si ile tunayoitaka.

Na hili la mwisho latuuma kulisema, lakini gazeti hili ni la wanachama. Tazameni mabango yetu. Ngoma iko wapi? Iko chini pembeni, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na juu yake uso wa mgombea umejaa kama mwezi mpevu. Pembeni uso wa mwenyekiti wa wilaya. Upande mwingine uso wa mfadhili aliyetoa fedha za kuchapa. Chini maneno mistari minane, kwa herufi za namna tano. Bango hilo halisomeki na mtu aliye ndani ya basi. Halisomeki hata na aliyesimama. Nafasi tupu kuizunguka alama si kitambaa kilichopotea, ndiyo inayofanya alama ionekane, kama kimya kinachotangulia baragumu. Lakini kila kiongozi akiona nafasi tupu, aona mahali pa kuweka uso wake.

Kadhalika bendera ya chama imefungwa katika magari ya watu binafsi wanaokwenda kwenye shughuli zao binafsi. Tumeiona nje ya baa. Tumeiona katika gari lililozuia mlango wa zahanati. Aliyekuwa ndani ya gari hilo alichora kitu juu ya ngoma yetu ambacho hakuna fundi atakayekifuta. Jogoo wa KANU alichorwa vizuri, kila mtoto wa Kenya alimjua, na alitawala tangu mwaka 1963. Lakini mwaka 2002 watu hao hao waliomjua vizuri ndio waliompigia kura ya kumwondoa. Jogoo mwekundu wa Convention People's Party ya Ghana naye alijulikana nchi nzima mpaka jeshi lilipokipiga chama hicho marufuku mwaka 1966. Kujulikana hakukuwakinga. Alama huwakumbusha watu yale uliyowatendea, mema na mabaya, kwa uaminifu ule ule.

Twaomba nini basi? Twaomba Halmashauri itoe karatasi moja, upande mmoja tu, iende kila tawi. Iwe na ngoma iliyochorwa kwa vipimo: upana wake, urefu wake, kiuno chake. Iwe na kipande halisi cha kitambaa cha manjano kilichobandikwa, si jina la rangi, maana jina la rangi kila duka hulitafsiri linavyotaka. Na kwa wachapaji iwe na namba ya rangi hiyo. Iwe na namna moja ya herufi, nene na zisizo na mikia. Iseme nafasi ya kuachwa kuizunguka ngoma. Iseme pia ngoma isiwe ndogo kuliko uso wa mtu yeyote katika bango lolote, na hapo tutaona nani anakipenda chama.

Tunajua gharama itatajwa. Stensili moja ya bati, iliyokatwa na fundi wa mabati, huchora ngoma mia kwa brashi ile ile, na zote zikafanana. Ni rahisi kuliko kumlipa mchoraji mia moja, kila mmoja na ngoma yake. Mihuri ichongwe mahali pamoja, kila mmoja uwe na namba ya tawi, na orodha ya namba ibandikwe katika kila ofisi. Bendera zilizopo zisitupwe, kuna watu waliozishona kwa fedha zao za mboga. Zitumike mpaka zichakae, na mpya ziwe za namna moja. Ile ya rangi ya chungwa tu ndiyo tungeomba istaafu mapema.

Mkutano wa wilaya ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Makatibu wa matawi wote wanaombwa waje na kipande cha kitambaa cha bendera yao, ukubwa wa kiganja, na karatasi nyeupe iliyopigwa mhuri wa tawi. Vyote vitapangwa juu ya meza moja, mbele ya wanachama. Yule bibi tumekwisha mwalika, nauli yake imelipwa, naye ametuahidi kuja. Atakaa mstari wa mbele, na yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.